Alijua kusoma kalasi ya pili, mbona ya tatu ameanguka?



Kila mwisho wa trimestri, buleteni zikifika nyumbani, kuna swali moja linalozunguka kwenye robine, sokoni na katika mikutano yetu: "Mtoto wangu alisoma vizuri kalasi ya kwanza. Ya pili pia alipita. Sasa yuko ya tatu na buleteni imejaa rangi nyekundu. Amepatwa na nini?" Majibu huja haraka. Mmoja atasema mtoto ameanza uvivu. Mwingine atasema anapenda mchezo kupita kiasi. Wapo hata wanaosema ametupiwa kitu na jirani.

Mimi ni msichana wa mwaka wa mwisho wa masomo ya ualimu hapa Bukavu. Sisi tunaojifunza ualimu hutumwa katika shule za msingi kufanya staji. Kwanza unakaa nyuma ya kalasi na kutazama, kisha unafundisha mwenyewe mbele ya mwalimu mwenye kalasi na msimamizi wako. Staji yangu niliifanya katika shule moja ya mji, kwanza kalasi ya pili, halafu ya tatu. Hivyo nikapata nafasi ambayo mzazi hana: kutazama pande zote mbili za mpaka ambapo watoto wengi hujikwaa. Nataka kuwaeleza nilichokiona pale, na zaidi kile ambacho mama anaweza kufanya, hata kama hajui neno moja la Kifaransa.

Mpaka usioonekana

Katiba yetu ya 2006 inasema Kifaransa ni lugha rasmi ya Kongo, na inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Sheria ya masomo ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa zitumike kufundishia. Ndiyo sababu huku kwetu mtoto wa kalasi ya kwanza na ya pili anajifunza kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili, huku Kifaransa akikipata kidogo kidogo, zaidi kwa mdomo. Kuanzia kalasi ya tatu, mambo yanageuka. Somo la hesabu, la mazingira na la historia yanaanza kupita kwa Kifaransa. Maswali ya mtihani nayo ni ya Kifaransa.

Mtoto hakubadilika. Ana kichwa kilekile na benchi lilelile. Kilichobadilika ni lugha inayobeba somo. Na kwa kuwa hakuna aliyemwambia mama kwamba mpaka huo upo, mama anaona tu kwamba mtoto aliyekuwa hodari amekuwa mjinga ghafla.

Herufi zilezile, sauti nyingine

Tazameni jambo hili kwa karibu, maana ni hapa mtoto anahukumiwa bure.

Kwa Kiswahili, herufi haidanganyi. Ukijifunza ma, me, mi, mo, mu, umejifunza kwa maisha yote. Neno unalisoma kama lilivyoandikwa, hadi herufi ya mwisho. Mtoto akisha shika ufunguo huo, anaweza kufungua neno lolote, hata lile asilojua maana yake.

Halafu anafika kalasi ya tatu na kukuta ubaoni neno "table". Anasoma alivyofundishwa: ta-ble, na "e" yake mwishoni. Anaambiwa hapana, ile "e" haisemwi. Anakuta "chaise". Anasoma cha-i-se, "cha" kama ya chai. Anaambiwa hapana, husemwa "shez". Anakuta "poule", anasoma po-u-le, kumbe "o" na "u" zikikaa pamoja ni "u" moja ya Kiswahili. Na ile "u" ya Kifaransa ikiwa peke yake, kama katika "rue", ina sauti ambayo Kiswahili hakina kabisa. Kisha linakuja neno "oiseau", yaani ndege. Lina herufi sita. Mtoto anazisoma zote kwa uaminifu, o-i-se-a-u, na kalasi inacheka. Wakati Mfaransa anasema tu "wazo".

Mtoto anayesoma o-i-se-a-u si mjinga. Anatumia vizuri sheria tuliyomfundisha sisi wenyewe miaka miwili. Anachohitaji ni mwalimu wa kumwambia: "Umesoma sawa kwa Kiswahili. Sasa tazama, Kifaransa kina desturi nyingine." Akiambiwa hivyo, anajua kwamba alichokijua bado ni kweli, na kwamba kuna kingine cha kuongeza. Akichekwa, anafunga mdomo. Na mtoto aliyefunga mdomo kalasi ya tatu anaweza kuufunga hadi ya sita.

Hesabu anazijua, swali halijui

Jambo la pili nililoliona ni la hesabu. Katika kalasi kulikuwa na watoto ambao baada ya masomo husaidia mama zao kuuza. Muulize mtoto kama huyo kwa Kiswahili: "Mama ameuza Guigoz 4 za maharagi, kila moja franka 1 500, amepata ngapi?" Kabla hujamaliza kusema, amekwisha jibu 6 000. Tena atakuuliza kama mteja alitoa noti ya 10 000, ili akuhesabie na franka 4 000 za kurudisha.

Mwandikie swali hilohilo ubaoni kwa Kifaransa. Anakaa kimya. Au anajumlisha namba zote anazoziona, 4 na 1 500, anaandika 1 504, kwa sababu hakuelewa maneno yaliyo kati ya namba. Mwalimu anasahihisha, anaweka sifuri. Buleteni inasema: hesabu, ameanguka. Lakini kilichoanguka si hesabu. Ni Kifaransa.

Wamama, tofauti hiyo ni kubwa. Mtoto asiyejua hesabu anahitaji kufundishwa hesabu. Mtoto asiyeelewa swali anahitaji kufundishwa maneno ya swali. Tukichanganya hao wawili, tutamrudisha kalasi mtoto ambaye kosa lake ni kutozaliwa katika nyumba inayosema Kifaransa.

Sauti ya wote inaficha wengi

Katika masomo yetu ya ualimu tunafundishwa kuandaa somo kwa hatua. Kwanza unawakumbusha watoto somo lililopita. Unaamsha hamu yao. Unatangaza somo jipya. Unalichambua pamoja nao, mnalikusanya kwa kifupi, halafu wanafanya mazoezi ili uone kama wameelewa. Kwenye fishi ya maandalizi yote hayo yanapangwa vizuri, kila hatua na dakika zake.

Kisha unaingia katika kalasi yenye watoto zaidi ya 70. Wanne wamebanana kwenye benchi la wawili. Kitabu kimoja kinapita mikononi mwa wengi. Hapo njia iliyo rahisi ni kuimba: mwalimu anasema, wote wanarudia. Ukipita nje utasikia sauti moja nzuri, na utadhani kalasi nzima inajua. Nikiwa nimekaa nyuma niliona kitu ambacho mtu wa mbele haoni kwa urahisi. Mbele wapo kama kumi na watano wanaojua. Katikati wapo wanaowafuata kwa nusu ya sekunde. Nyuma wapo wanaofungua midomo tu.

Simlaumu mwalimu. Watoto 70 mbele ya mtu mmoja si mchezo. Lakini zipo njia ambazo hazidai pesa nyingi, na niliziona zikifaa.

Ya kwanza ni kibao kidogo cha kuandikia, kile tunachokiita ardwazi. Mwalimu anauliza swali, kila mtoto anaandika jibu kimya, mwalimu anagonga meza, wote wanainua vibao kwa pamoja. Kwa jicho moja anaona nani ameelewa na nani bado. Hakuna wa kujificha nyuma ya sauti ya mwenzake, na hakuna aliyesimamishwa peke yake aaibike. Vitabu vya ualimu huiita njia hiyo La Martinière, kwa jina la shule moja ya mji wa Lyon, Ufaransa, ambako ilianzia. Ni njia ya zamani, lakini kwa kalasi iliyojaa haijazeeka.

Ya pili ni kuwafanyisha kazi wawili wawili. Mtoto mmoja anamweleza mwenzake kwa Kiswahili jinsi alivyopata jibu, kisha wanatafuta pamoja namna ya kulisema kwa Kifaransa. Kuna kelele, ndiyo. Lakini ni kelele ya kazi.

Ya tatu ni kuanza na Kiswahili hata katika kalasi ya tatu, pale neno linapokuwa zito. Mwalimu anauliza kwanza jambo lenyewe kwa lugha wanayoijua, watoto wanalielewa, ndipo anawapa jina lake la Kifaransa. Hapo neno jipya linapata mahali pa kukaa. Neno la Kifaransa lisilo na maana kichwani ni kama maji kwenye kikapu.

Fimbo na kicheko

Niseme pia juu ya woga. Wengi wetu tulisoma katika shule ambako kusema lugha ya nyumbani uwanjani kulileta adhabu, na kusoma vibaya kulileta fimbo au kicheko. Wazazi wengine bado humwambia mwalimu: "Mchape tu, mimi nimekubali."

Mama zangu, msikubali kwa haraka. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inataka nidhamu, nyumbani na shuleni, itolewe kwa namna inayomheshimu mtoto kama mtu. Na hata tukiacha sheria, fimbo haimfundishi mtoto kwamba "oiseau" husemwa "wazo". Inamfundisha kutojaribu. Kusoma lugha mpya kunadai mtu akosee mara nyingi kwa sauti. Mtoto anayeogopa kukosea hawezi kujifunza lugha, awe hodari namna gani.

Bure, lakini si bila gharama

Katiba, katika kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za Serikali ni ya lazima na ya bure. Tangu Septemba 2019 neno hilo lilianza kutekelezwa, na watoto wengi waliokuwa wakifukuzwa kwa sababu ya minervali wakarudi shuleni. Ni jambo jema, na mama aliyekuwa na watoto wanne au watano analijua kuliko mtu yeyote. Lakini watoto walifika mbele ya madarasa na walimu. Ndiyo maana kalasi zimejaa. Na bado kuna kaye, biki, shati jeupe na sketi ya bluu, viatu.

Hapa ndipo ninapoona hatari kubwa. Mtoto akirudia kalasi ya tatu mara moja, kisha mara ya pili, nyumbani maneno huanza: "Huyu masomo hayamwezi." Pesa zikiwa chache, baba na mama wanachagua nani aendelee. Na mara nyingi msichana ndiye anayeambiwa abaki, achote maji, alee mdogo wake, aende na mama sokoni. Anatoka shuleni akiwa na miaka tisa au kumi, na yeye mwenyewe akiamini kwamba hana akili. Wakati ukweli ni kwamba hakuna aliyemvusha mpaka wa lugha.

Mama anaweza nini?

Wamama wengi hawafiki shuleni. Wanasema: "Mimi sikusoma. Nitamwambia nini mwalimu? Kifaransa sikijui." Nataka kuwaambia kwa heshima yote: kile mlicho nacho ndicho mwalimu anachokihitaji.

*Semeni na watoto, kwa lugha mnayoijua vizuri.* Mtoto mwenye maneno mengi ya Kiswahili kichwani hupata Kifaransa kwa urahisi zaidi, kwa sababu anajua tayari mambo yenyewe, anatafuta majina tu. Kama nyumbani kwenu ni Mashi, semeni Mashi. Wapo watoto wanaotoka upande wa Kabare na Walungu ambao hata Kiswahili ni lugha yao ya pili. Hao wanavuka mipaka miwili, si mmoja. Wasimulieni hadithi za bibi, na katikati muulize: "Unafikiri kwa nini sungura alifanya hivyo?" Swali la "kwa nini" linamzoeza mtoto kufikiri kabla ya kujibu.

*Mtoto asome Kiswahili kwa sauti kila jioni, dakika kumi.* Hata akiwa kalasi ya tatu au ya nne. Kitabu cha nyimbo, Biblia, gazeti hili, hata karatasi iliyofungiwa kitu sokoni. Mama asiyejua kusoma anaweza kusimamia kazi hiyo. Tazama kidole chake kinapita chini ya maneno. Sikiliza kama anasoma kwa mtiririko au anakwama. Mwisho mwambie: "Sasa nieleze ulichosoma." Akishindwa kueleza, asome tena. Kwa kazi hiyo mama hahitaji diploma.

*Mpeni hesabu za kweli.* Achukue vifuniko vya chupa au punje za mahindi, apange mafungu. Ahesabu chenji mbele yenu. Kisha mwambie: "Uliza kaka yako, au mwalimu, kwa Kifaransa 'kununua' ni nini? 'Kubaki' ni nini? 'Kugawa' ni nini?" Maneno kama hayo kumi, akiyashika, yanamfungulia maswali mengi ya hesabu.

*Fungueni kaye.* Si lazima kujua kusoma ili kuona kama kazi imesahihishwa, kama ukurasa umeachwa mtupu, kama mtoto alinakili nusu tu. Ukiona nusu, muulize kwa upole. Huenda amekaa mbali na ubao, au haoni vizuri, au biki ilikwisha.

*Nendeni shuleni mapema.* Msingoje buleteni ya mwisho wa mwaka, wakati uamuzi umekwisha. Katika mwaka kuna trimestri tatu, na kila moja ina vipindi viwili vya alama. Baada ya kipindi cha kwanza tayari inaonekana nani anakwama. Mwalimu anajua Kiswahili, semeni naye Kiswahili bila haya. Mwulizeni mambo matatu tu: Je, mtoto wangu anaelewa somo likielezwa kwa Kiswahili? Anasoma Kiswahili bila kukwama? Katika kalasi anakaa wapi, na huwa anasema? Majibu hayo matatu yatawaonyesha kama shida ni somo, ni lugha, au ni woga.

Kwa vikundi vyetu

Kuna mambo ambayo mama mmoja hawezi, lakini kikundi kinaweza. Kila shule inapaswa kuwa na kamati ya wazazi, COPA. Mara nyingi wababa ndio wanaokaa pale, wakati wamama ndio wanaojua saa ngapi mtoto alilala na alikula nini. Kikundi kichague wamama wawili waingie katika kamati hiyo, na swali la kalasi ya tatu wakaliweke mezani mbele ya direkta: Je, vibao vya kuandikia vipo? Je, walimu wanaruhusiwa kueleza kwa Kiswahili neno likiwa gumu? Kuna mtoto aliyerudia mara mbili, na nani anamsaidia?

Wale walio na likelemba au AVEC wanaweza kutenga kiasi kidogo kila mwezi kwa ajili ya vibao na chaki. Kibao kimoja kinatumika miaka mingi, kinapokewa na mdogo baada ya mkubwa. Na katika kila mtaa kuna vijana waliomaliza sekondari wakakaa bila kazi. Kikundi kinaweza kumwomba mmoja wao akae na watoto wa kalasi ya tatu Jumamosi saa moja au mbili, asome nao Kifaransa polepole, bila fimbo.

"Kwa nini tusianze na Kifaransa moja kwa moja?"

Swali hili niliulizwa na mama mmoja, na ni la haki. Alisema: "Watoto wa matajiri wanaanza Kifaransa wakiwa maternele, na wanafaulu. Mbona wetu mnawapa Kiswahili?" Ni kweli, Kifaransa ndicho kinachofungua masomo ya juu na kazi nyingi, na hakuna anayetaka kumnyima mtoto wa maskini mlango huo. Lakini mtoto wa tajiri anasikia Kifaransa nyumbani, kwenye televisheni, kwa baba na kwa mama. Akifika shuleni, anajifunza kusoma lugha anayoisikia tayari. Wa kwetu akianza hivyo, atajifunza kusoma maneno asiyoyaelewa: atakuwa na sauti bila maana. Kusoma hujifunzwa mara moja tu maishani, na ni vyema kujifunzwe katika lugha inayoeleweka. Baada ya hapo kunahamia katika lugha nyingine. Shida yetu haiko katika Kiswahili cha kalasi mbili za kwanza. Iko katika daraja la ya tatu, ambalo ni jembamba mno kwa watoto wengi namna hii.

Mimi karibu nitapewa kalasi yangu, Mungu akipenda. Nimekwisha jua kwamba siku ya kwanza nitatafuta wale wa nyuma wanaofungua midomo tu. Lakini mwalimu mwenye watoto 70 hawezi kuwapata wote peke yake. Wiki hii, kabla ya kumwita mtoto mjinga kwa sababu ya rangi nyekundu, mkalisheni karibu, mwulizeni swali lilelile la mtihani kwa Kiswahili, na msikilize atakavyojibu.